Rangi zilizokolea au rangi za mwanga ndani ya nyumba: pima chumba chako kwanza kabla hujanunua hata galoni moja

Kuna siku nimefika nyumbani Tanga nikamkuta mama kakaa barazani na ungo wake anachambua mchele, saa nne asubuhi, jua linampiga mgongoni. Nikamuuliza, mama mbona huku nje, si ungekaa sebuleni kwenye feni? Akanijibu taratibu tu, "Mwanangu, humo ndani kumekuwa usiku, mawe siyaoni." Hiyo sebule niliipiga rangi mimi, miezi miwili nyuma, kuta zote nne rangi ya mkaa, niliiona kwenye picha kwenye simu ikanipendeza mno nikasema lazima mama na yeye akae kwenye nyumba nzuri. Ukuta ulikuwa mzuri kweli, umenyooka, hauna doa, ila mama yangu kwa miezi miwili alikuwa anahamia nje kila akitaka kuchambua mchele au kutunga uzi kwenye sindano, na hakusema kwa sababu hakutaka kunivunja moyo.

Toka siku ile nimekuwa mtu wa kufatilia sana hili jambo, nimepiga rangi vyumba vya ndugu na jamaa, nimesimama na mafundi, nimerudia na kurudia, na naandika huu mwongozo ili mtu asirudie nilichokifanya mimi. Watu wengi wanauliza ipi nzuri, iliyokolea au ya mwanga, sasa hilo swali huwezi kulijibu ukiwa dukani wala ukiwa unaangalia picha, linajibiwa na chumba chenyewe. Kwa hiyo tunaanza na chumba.

Tuelewane maneno kwanza. Nikisema rangi zilizokolea namaanisha mkaa, nevi blu, damu ya mzee, kijani cha chupa, kahawia ya chokleti, hizo. Nikisema rangi za mwanga namaanisha nyeupe, maziwa, krimu, beji, pichi ya kwa mbali, kijivu cha kwa mbali. Katikati kuna rangi kibao ambazo haziko huku wala kule.

HATUA YA 1: Jua ukuta unafanya nini na mwanga

Hii usiiruke, ndo msingi wa yote. Ukuta hautulii tu pale, unapokea mwanga unaotoka dirishani alafu unaurudisha, na kila rangi ina kiwango chake cha kurudisha. Kampuni nyingi za rangi huwa zinakiandika nyuma ya kadi ya rangi, tafuta herufi LRV, ni namba kati ya 0 na 100. Nyeupe nzuri inakaa kwenye 80 na kitu mpaka karibia 90, krimu inakaa kwenye 70 na kitu, nevi blu na mkaa ziko chini ya 10.

Sasa chukulia mwanga kama hela. Dirishani imeingia shilingi 100 ikagonga ukuta wa 85, ukuta unakurudishia 85, ikienda kugonga ukuta mwingine wa rangi hiyohiyo inabaki 72, na bado inazunguka chumbani mpaka inafika kwenye kona ya nyuma ya kochi. Ukuta wa mkaa wenye 8 unapokea 100 unakurudishia 8, ikigonga ukuta wa pili haifiki hata 1. Yani mwanga unakufa kwenye mgongano wa kwanza. Ndo maana kwenye chumba cha rangi iliyokolea unaona pale dirishani panang'aa vizuri tu ila hatua tatu ndani ni giza, dirisha ni lilelile, wala halijapungua.

Wazee wetu wa pwani hili walilijua zamani. Zile nyumba za mawe za Lamu ukiziingia, kuta nene za mawe ya matumbawe, vyumba vyembamba na virefu kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti, na vyumba vinafuatana kimoja nyuma ya kingine, mwanga wote unatoka kwenye kiwanda, ule uwazi wa ndani ya nyumba. Chumba cha mwisho kabisa huko ndani ndo kina zidaka, vile vishubaka vya kuchongwa ukutani, na kote ni chokaa nyeupe. Mwanga unaruka ukuta kwa ukuta mpaka unafika kule, na kila kidaka kinakuwa na kivuli chake kidogo ndo maana ukuta mweupe mtupu haukuchoshi kuuangalia. Mimi napenda sana hizo kuta, naziona kila nikishika brashi.

HATUA YA 2: Kaa chumbani siku nzima

Siyo lazima ukae kweli siku nzima, ingia mara nne: saa moja asubuhi, saa sita mchana, saa kumi jioni, na usiku umewasha taa. Kila ukiingia simama kwenye kona iliyo mbali zaidi na dirisha, shika kitabu au gazeti, jaribu kusoma maandishi ya kawaida bila kuwasha taa (ile ya usiku washa). Andika kwenye simu, nimesoma vizuri, nimesoma kwa shida, sijaweza. Kama mchana kwenye kona unasoma kwa shida na ukuta wa sasa hivi ni mweupe, basi hicho chumba hakina mwanga wa ziada wa kumpa ukuta uliokolea, hiyo stori imeishia hapo kwa kuta zote nne. Kama unasoma vizuri kabisa mpaka unakunja macho, hapo una uhuru.

Angalia pia mti, ukuta wa jirani, na kibaraza kilichopo mbele ya dirisha. Kwa mama kuna mwembe mkubwa mbele ya dirisha la sebule, majani yanakula nusu ya mwanga, na mwanga unaoingia unakuja na ukijani fulani. Mimi niliupita huo mwembe kila siku wakati napiga rangi na sikuufikiria hata mara moja.

Kitu kimoja kuhusu upande wa jua, hapa watu wanapotezwa sana. Ukisoma miongozo ya Ulaya au Marekani utakuta wameandika chumba kinachotazama kaskazini ni cha giza na baridi, usipige rangi fulani. Kwao ni kweli, jua lao mchana linakaa kusini mwaka mzima. Sisi huku Dar na Tanga tuko chini kidogo ya ikweta, mwezi wa sita na wa saba jua la mchana linakaa upande wa kaskazini na dirisha la kaskazini linapata jua kabisa, mwezi wa kumi na mbili linahamia kusini kidogo, na kuna siku linapita utosini kabisa. Kwa hiyo kaskazini na kusini kwetu haina uzito sana, kinachobadilisha rangi kwetu ni mashariki na magharibi. Dirisha la mashariki linapata jua la asubuhi alafu mchana chumba kinatulia. Dirisha la magharibi kuanzia saa tisa linapigwa na jua lile la rangi ya chungwa, krimu yako itageuka njano na pichi itageuka chungwa kabisa, na ukuta uliokolea ndo unapendeza kuliko saa zote. Chumba cha magharibi ni rafiki wa rangi iliyokolea, hili nimeliona mara nyingi.

HATUA YA 3: Uliza nani anaishi humo na anafanya nini

Hapa ndo mimi nilianguka. Mtu mzima jicho lake linahitaji mwanga mwingi kuliko kijana, chumba ambacho wewe wa miaka 28 unakiona kimetulia, mzazi wako wa miaka 68 anakiona kiza. Mtoto anayefanya homwek mezani, mtu anayeshona, anayesuka nywele nyumbani, anayechambua mchele, hao wote wanataka kuta za mwanga, hasa ule ukuta unaotazamana na dirisha kwa sababu ndo unaorudisha mwanga mwingi chumbani.

Chumba cha kulala cha mtu anayetoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, huyo rangi anaiona usiku tu, nevi blu haimuumizi chochote na inamtuliza. Aliyeko zamu za usiku na analala mchana ndo kabisa, chumba kilichokolea na pazia zito kinamsaidia.

Alafu umeme. Watu wanatisha wenzao kwamba rangi iliyokolea itamaliza LUKU. Tupige hesabu, ukiongeza balbu mbili za LED za wati 9 kwa saa 6 kila siku ni wati-saa 108 kwa siku, kwa mwezi kama uniti 3 na kidogo. Siyo kitu cha kukuzuia. Kinachouma ni umeme ukikatika. Kwenye sebule ya kuta za krimu taa moja ya chaji ukiiweka juu ya kabati inatosha familia nzima kula chakula, kwenye sebule ya mkaa taa ileile inamulika meza tu na nyuso za watu zinakuwa nusunusu. Kama mtaa wenu umeme unakatikakatika hili lifikirie kwa uzito.

Na mbu. Mbu wanapenda kupumzika mahali penye giza, na kwenye ukuta mweupe unamuona kabla hujalala, kwenye nevi blu humuoni mpaka akuimbie sikioni. Kwa chumba cha mtoto mdogo mimi hiyo peke yake inanitosha kuchagua rangi ya mwanga.

HATUA YA 4: Kagua ukuta wenyewe

Zima taa zote usiku, washa tochi ya simu, ilaze kabisa ukutani kama vile unataka kuibandika, mwanga utembee sambamba na ukuta. Utaona kila kitu: mabonde, mistari ya msasa, sehemu fundi aliposhika skimu (ile plasta laini ya mwisho ya kusawazisha ukuta) akaiacha, misumari iliyozibwa vibaya. Ukuta wa aina hiyo ukiupiga rangi iliyokolea yenye kung'aa, silki au rangi ya mafuta, kila bonde litaonekana mchana kweupe. Ukiupiga rangi ya mwanga isiyong'aa, mati, mengi yanajificha. Kwa hiyo kama bajeti ya kurudia skimu na msasa huna, usiende kwenye iliyokolea yenye kung'aa, nenda mati au baki kwenye za mwanga.

Cha pili ni chumvi. Sisi wa pwani tunaujua ule unga mweupe unaotoka ukutani, hasa chini karibu na sakafu, unasababishwa na maji yanayopanda kutoka kwenye msingi au bomba linalovuja, na mchanga au maji yaliyojengea yakiwa na chumvi ndo inazidi. Maji yakikauka chumvi inabaki juu. Kwenye ukuta wa krimu unaweza kukaa nayo mwaka mzima hujaiona, kwenye ukuta wa mkaa baada ya wiki mbili unaonekana kama mtu kamwaga unga wa sembe. Kipimo chake rahisi: kata kipande cha nailoni ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne pasiingie hewa, kiache siku nzima mpaka kesho yake. Ukikikuta kimetoa matone upande wa ukutani, ukuta una maji, usipige rangi yoyote kwanza, tafuta maji yanatoka wapi. Unga wa chumvi ondoa kwa brashi kavu, usiuoshe kwa maji maana unayeyuka unarudi humohumo ndani. Na nyumba mpya subiri plasta ikauke, kama wiki nne hivi, mafundi wengi wana haraka ila ukuta mbichi unaharibu rangi, na iliyokolea ndo inatoka mabakamabaka vibaya zaidi.

Kama nyumba ni ya zamani sana na ina rangi ya mafuta ya miaka hiyo, usipige msasa mkavu kabisa, vaa barakoa na watoto wakae mbali, rangi nyingi za zamani ziliwekwa risasi, yani lile madini ya lead, na vumbi lake ni sumu. Lowesha, piga msasa wa maji, futa, tupa.

HATUA YA 5: Tengeneza sampo, na uzitengeneze vizuri

Usichague kwa kile kidirisha cha kadi chenye ukubwa wa stempu. Rangi ikikaa kwenye kuta nne zinaakisiana, zinaongezeana nguvu, kwa hiyo ile pichi tamu ya kwenye kadi ikienda ukutani inakuwa pichi kwelikweli. Kwa rangi za mwanga mimi huwa nashuka hatua moja kwenye kadi, nachukua iliyo nyepesi zaidi ya ile niliyoipenda.

Nunua kopo dogo kabisa la rangi mbili au tatu, moja iliyokolea, moja ya mwanga, na ukipenda moja ya katikati. Usipake moja kwa moja ukutani. Chukua karatasi la manila au kipande cha jipsamu bodi, pakaa mikono miwili (yani tabaka mbili za rangi), acha kikauke kabisa kati ya mkono na mkono, na uache ukingo mweupe wa vidole viwili kuzunguka. Ule ukingo una kazi, bila huo jicho lako linalinganisha rangi mpya na rangi ya zamani ya ukuta na linadanganyika, krimu ikiwa pembeni ya njano inaonekana nyeupe, ikiwa pembeni ya bluu inaonekana njano. Na usihukumu ikiwa mbichi, rangi ya maji ikikauka huwa inakolea zaidi ya unavyoiona kwenye ndoo.

Sasa zitembeze hizo sampo. Ukuta wa pembeni ya dirisha, ukuta unaotazamana na dirisha, kona ya giza, nyuma ya kochi lako. Saa zilezile nne za hatua ya 2. Usiku washa taa utakazotumia kweli, na hapa angalia boksi la balbu, balbu nyeupe za 6500K (hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga wa balbu) ambazo ndo zimejaa madukani zinaifanya krimu ionekane kama imechoka na kijivu kionekane cha bluu, za njano za 3000K zinaipendezesha krimu na damu ya mzee ila nevi blu inakaribia kuwa nyeusi tii. Kuna jamaa yangu alirudisha lawama zote kwa fundi kwamba kakosea rangi, kumbe alichagua mchana na sebuleni ana balbu za 6500K, tukabadilisha balbu tatu tu na ukuta ukarudi kuwa ule alioupenda.

Jambo lingine ninalolifanya, naweka sampo pembeni ya kochi, pazia na sakafu, napiga picha kwa simu alafu naigeuza iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona ukuta na kochi vimekuwa kijivu kimoja hakuna tofauti, ujue chumba kitakuwa donge moja, hata kama ni rangi tofauti kabisa. Kochi la kahawia na ukuta wa kijani cha chupa ni mfano, kwa macho ni tofauti, kwenye picha ni kitu kimoja, na usiku chumbani kitakuwa hivyohivyo.

HATUA YA 6: Piga hesabu ya rangi

Chukua chumba cha mita 3.5 kwa 4, urefu wa ukuta mita 2.8. Mzunguko ni mita 15, mara 2.8 unapata mita za mraba 42. Toa mlango kama 2 na dirisha kama 2 na kidogo, inabaki kama 38. Ukuta laini, lita moja inapiga kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, ukuta wa kukwaruza ni pungufu ya hapo. Kwa hiyo mkono mmoja ni lita 3.8. Rangi ya mwanga juu ya ukuta uliokuwa na rangi ya mwanga inatosha mikono miwili, lita 7.6, galoni mbili za lita 4 umemaliza. Iliyokolea juu ya ukuta mweupe mara nyingi inataka mikono mitatu, lita 11.4, galoni tatu, na damu ya mzee na nyekundunyekundu huwa ni wabishi kufunika, unaweza kwenda mkono wa nne. Ukitaka kupunguza, piga praima (rangi ya kutangulia, ya chini) ya kijivu kwanza badala ya nyeupe, nevi na mkaa zinakaa haraka sana juu ya kijivu. Hii siri wengi hawaambiwi dukani.

Na iliyokolea ichanganywe na mashine dukani, usikubali fundi anunue nyeupe alafu amwagie vichupa vya kuchanganyia mpaka iwe nevi, haiwi. Inakuwa bluu ya shule, na ukizidisha vile vichupa rangi haikauki vizuri, ukiegemea inakushika shati. Nunua zote siku moja, angalia namba ya bechi kwenye makopo, alafu zimwage zote kwenye ndoo moja kubwa uchanganye pamoja ndo uanze. Galoni mbili za jina moja zinaweza kutofautiana kidogo, kwenye krimu hutaona, kwenye mkaa utaona mstari katikati ya ukuta.

HATUA YA 7: Amua chumba kwa chumba

Korido isiyo na dirisha: rangi ya mwanga, sina mjadala, na mati chini haifai sababu watu wanapita na mabegi, weka silki inayofutika. Mati iliyokolea ni nzuri kuiangalia ila kucha ikipita inaacha mstari mweupe, na ukiusugua ule mstari panang'aa kipande, unabaki na kidonda. Mkono wa mtoto wenye mafuta unaonekana zaidi kwenye krimu, mkwaruzo na vumbi vinaonekana zaidi kwenye mkaa, hakuna rangi isiyochafuka.

Mnakumbuka shule na zahanati zetu, chini rangi ya mafuta iliyokolea mpaka usawa wa kifua, juu nyeupe? Watu wanaidharau lakini ile ni akili kubwa, chini panapoguswa pameokolewa, juu panaporudisha mwanga pamebaki peupe. Ukiifanya kwa rangi nzuri, kijani cha chupa chini mpaka mita 1 na kitu na krimu juu, mstari umenyooka, korido au chumba cha kulia kinapendeza sana.

Jikoni mwanga, unataka kuona kama nyama imeiva na kama meza imefutwa. Choo kidogo kisicho na dirisha mnaweza kushangaa, mimi nakubali rangi iliyokolea pale, mtu hakai muda na kila akiingia anawasha taa, mradi pasiwe na unyevu unaotoa ukungu.

Sebule. Kuta zote nne zilizokolea mpaka chumba kiwe na madirisha mawili pande tofauti au milango mikubwa ya vioo. Vinginevyo chagua ukuta mmoja. Upi? Siyo unaotazamana na dirisha, huo ndo kioo chako cha mwanga. Siyo wenye dirisha, maana ukiwa mweusi alafu katikati pana dirisha linang'aa, macho yanachoka kuangalia upande huo. Chukua ukuta wa ubavuni, na ukiweka tivii hapo unapata faida mbili, dirisha haliakisi kwenye skrini na waya nyeusi hazionekani. Siling ibaki nyeupe, chumba kikiwa kifupi usipandishe rangi ya ukuta kwenye siling kabisa.

Chumba cha kupanga ongea na mwenye nyumba kabla, kwa sababu kuitoa iliyokolea ni kazi nyingine.

HATUA YA 8: Kupiga kwenyewe

Siling kwanza, kuta zinafuata, mwisho fremu na skating (ule ukanda wa chini ya ukuta kwenye sakafu). Zungushia kona na siling kwa brashi kipande kifupi, fuata na rola hapohapo kabla haijakauka, usizungushe nyumba nzima kwa brashi alafu urudi na rola baada ya saa, kwenye iliyokolea utabaki na fremu kama ya picha kuzunguka ukuta. Ukianza ukuta umalize, usiende kula katikati. Zima feni ukuta ukiwa mbichi, unakauka haraka mno na mistari ya rola inabaki. Maji ya kuchanganyia fuata kilichoandikwa kwenye kopo, kuna fundi nilimuacha peke yake nusu saa nikarudi nevi imekuwa kama chai ya rangi, mikono mitano na bado rangi ya zamani ya chini inachungulia. Subiri saa 2 mpaka 4 kati ya mikono, wakati wa masika subiri zaidi. Tepu itoe rangi ikiwa haijakauka kabisa, ukichelewa inabandua na ukingo.

Mabaki yaweke kwenye chupa inayofunga vizuri, andika jina, namba na tarehe. Kiraka kwenye krimu hakionekani sana, kwenye mkaa kinaonekana hata kwa rangi ileile, kwa hiyo panapoharibika bora urudie ukuta mzima kona mpaka kona.

HATUA YA 9: Kama umeshapiga iliyokolea na unataka kurudi

Usimwage krimu juu ya mkaa, utapiga mikono mitano utalia. Piga msasa laini namba 180 au 220 ili kuua mng'ao, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, acha pakauke, piga praima nyeupe inayofunika mkono mmoja, ukiona bado kunachungulia piga wa pili, alafu ndo rangi yako mikono miwili.

Sebule ya mama tuliirudisha hivyohivyo, siku mbili, praima mikono miwili na krimu mikono miwili. Safari hii sampo nilimpa yeye azitembeze, akazunguka nazo nyumba nzima, akaishia kuniambia ule ukuta wa ubavuni penye tivii usiuguse, huo mkaa anaupenda, jioni jua likipita chini ya mwembe unapendeza. Tukauacha. Dirisha la sebule nikakata matawi mawili ya mwembe kwa ruhusa yake. Siku ya tatu asubuhi naamka namkuta kakunja kanga mkekani, chini ya ukuta unaotazamana na dirisha, ungo uko mapajani.